Vitenzi vya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mama mkwe kafika! Kaja na basi la mchana kutoka Magu, na mchele, na viazi vitamu, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Mimi nikakimbilia chumbani.

Siyo woga. Ni adabu. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Kwetu Muleba ni hivyo hivyo, tena sisi Wahaya tumezidi. Kwa hiyo shikamoo nimeitoa nimeugeukia ukuta wa sebule, marahaba ikaja kutoka mlango wa uani. Basi. Miaka yote ya ndoa yangu sijui kama mama huyu ana kidoti usoni au hana.

Mke wangu Tereza kampa mama yake chumba cha uani, kile kinachojitegemea. Halafu akanigeukia mimi na masharti. Ukienda jikoni, kohoa. Ukienda bafuni, kohoa. Jamani! Mume mzima nakohoa kwenda kuchukua maji ya kunywa nyumbani kwangu! Mpaka jioni koo linawasha kweli.

Amekuja kumsubiri Chenge, kaka yake Tereza, kifungua mimba wake. Anatoka Kanada kuja Krismasi, na mwanawe Alexander, miaka minane. Mama wa mtoto ni wa hukohuko, amebaki kazini. Mtoto hajui neno la Kiswahili, Kisukuma ndiyo usiseme. Bibi na mjukuu hawajaonana hata mara moja. Kwenye vidio kol wanapungiana mikono tu, kama watu walioachwa na kivuko cha Busisi, huyu ng'ambo hii, huyu ng'ambo ile.

Jumanne, 3 Desemba

Tusheni imeanza. Watoto waliomaliza la saba, wanajiandaa na kidato cha kwanza. Nawafundishia baraza la pembeni, ubao nimeuegemeza ukuta wa jikoni. Juu ya ubao kuna matofali ya matundu, na nyuma yake ni uani. Sikufikiria hilo.

Somo: tafuta kitenzi kwenye sentensi, kisha useme ni cha aina gani. Nikaandika Nurudin kicks the ball. Mikono yote juu! Kicks, mwalimu! Kitenzi cha tendo! Vizuri. Nikaandika Nusrat is my sister. Mikono ikashuka. Rahim, yule mjuaji, akasema hapo hamna kitenzi, mwalimu, hamna mtu anayefanya kitu. Nikaeleza weee. Kwamba is nayo ni kitenzi, ila ni kishirikishi, kazi yake ni kuunganisha. Wakaitikia ndiyoo, ile ndiyo ya kunifurahisha.

Nyuma ya matundu mtu akacheka. Kicheko kifupi, cha puani.

Jioni Tereza kaniletea swali kutoka uani. Mama anauliza: hiyo is, kama haifanyi kazi yoyote, inakula nini hapo mjini?

Nimecheka! Swali zuri, bwana! Miaka yote darasani hakuna aliyeniuliza hivyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Tereza karudi kutoka zahanati, hajavua hata viatu vya kazi. Mwalimu, mama anataka umfundishe.

Nimfundishe nini?

Hivyo vitenzi vyako.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kitandani, akanieleza. Naandika hapa ili nisisahau, maana sikuwa nimeelewa uzito wake.

Kwao bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi. Bibi anamsema waziwazi: mume gani huyu, haleti samaki, kula tu, na hayo masikio! Mjukuu naye anamrudishia. Ndivyo wanavyopendana. Bibi asiyemtania mjukuu wake ni mwanamke mzee tu aliyepita njia. Na Alexander anakuja kwa siku chache, halafu Kanada hiyo tena, na mama hawi kijana.

Nikasema, si Chenge atatafsiri? Tereza akanitazama kama vile nimetoka Bukoba jana. Chenge amtamkie mwanawe utani wa mama yake? Mtu na mama yake wana heshima. Mtu na mwanawe wana heshima. Utani wa bibi unawaruka hao wa katikati, haupiti mdomoni mwao. Mimi shangazi siwezi. Na wewe mkwe, wewe ndiyo kabisa!

Chenge mwenyewe alishampigia mama akasema usijali, nitakutafsiria. Mama akamjibu, mwanangu, kuna maneno nitayasema siku hiyo ambayo hutaweza kuyabeba. Akakata simu.

Kwa hiyo lazima yatoke mdomoni mwake. Kiingereza. Mama wa darasa la nne la enzi hizo, kabla ya Krismasi.

Nimesema nitafundisha. Kufundisha ninajua, hilo halina mjadala. Lakini mwanafunzi nisiyeruhusiwa kumtazama? Nitajuaje ameelewa?

Jumamosi, 7 Desemba

Somo la kwanza. Mimi barazani, nimeupa ukuta mgongo. Yeye uani, chini ya matundu, anachagua mchele kwenye ungo. Tereza kasimama mlango wa jikoni, katikati, kama refa.

Mwambie mama, eat ni kula. Mama, anasema eat ni kula. Mwambie nimesikia, sina uziwi. Mwalimu, anasema kasikia.

Hivyo hivyo asubuhi nzima! Tereza kuna wakati alikuwa anacheka mpaka hafikishi ujumbe. Nikasema I eat, nionyeshe kitenzi. Mama akasema eat. Nikasema I cook. Akasema cook. Nikasema You bring fish. Ungo ukasimama, halafu bring, maana samaki hajiletei mwenyewe. Moja kwa moja! Sikuwa nimemweleza bado tofauti ya kitenzi na nomino.

Matamshi ni kazi. L na r zinabadilishana viti bila taarifa. Nikamsahihisha, mara akamwambia Tereza, kwa sauti ya kufika kwangu, mwulize mume wako Kiingereza alizaliwa nacho au alikiokota Kamachumu. Mh! Utani kwa Wahaya, hapo hapo! Tereza alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Jumatatu, 9 Desemba

Tereza zamu ya mchana. Hakuna refa. Nikajua leo hakuna somo, maana hatuwezi kuzungumza moja kwa moja.

Nimekaa barazani nasoma zangu. Nasikia uani: wewe kuku.

Nikageuza ukurasa.

Wewe kuku, hebu mwulize mwalimu, ate na eat ni ndugu?

Nilitazama huku na huku. Jirani asije akaniona. Halafu nikajibu. Kuku, mwambie mama ni kitu kimoja, ate ni ya jana.

Kuku, mwulize kwa nini haikuchukua -ed kama cooked.

Kuku, mwambie vingine ni vikaidi, havifuati sheria, inabidi kuvikariri tu.

Aaa. Kama shemeji yangu wa Kisesa.

Hadi alasiri tumemaliza vitenzi vikaidi vyote vya jikoni: ate, drank, brought, gave. Kuku mwenyewe kalala. Niko hapa naandika nacheka peke yangu. Nimefundisha shule tatu, nimekutana na wakaguzi, sijaona mwanafunzi anayekitafuta kitu hivi. Haachi! Unampa sentensi, anaigeuza, anainusa, anakurudishia na swali.

Jumatano, 11 Desemba

Lazima niandike ya leo.

Nilikuwa nawafundisha watoto aina za vitenzi, wameshindwa tena. Tendo, kishirikishi, kisaidizi, wanachanganya kama kachumbari. Nikakata tamaa nikawapa mapumziko. Nasikia kutoka uani: kuku, mwambie mwalimu hao watoto awaambie hivi.

Kitenzi cha tendo ni mkamwana. Ameolewa, anachota maji, anapika, anafagia, kila kazi ni yake. Ukiingia kwenye nyumba na huoni anayehangaika, basi huyo hayupo.

Kisaidizi ni wifi aliyekuja kwenye sherehe. Anamshikia mkamwana sufuria. Peke yake hana shughuli, lakini akiwepo shughuli inajulikana ni ya lini, ya jana au ya kesho. Ndiyo hizo will na did.

Na kishirikishi, ile is yenu, ni mkwe. Hafanyi kitu. Amekaa. Huku ukoo, kule ukoo, yeye katikati. Humwoni akinyanyua hata jembe, lakini mtoe uone kama koo hizo mbili zitajuana tena.

Nilisimama pale na chaki. Nikawaita watoto, nikawaeleza kama alivyosema. Nikaandika My father is a driver. Rahim akapiga kelele, mkwe! Nikaandika She will cook rice. Wifi, mkamwana! Darasa zima limepata. Zima!

Nampenda mama huyu. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema. Kumwambia siwezi, na Tereza atanicheka mwaka mzima.

Halafu amezikataa sentensi za kitabu changu. Hataki Mary goes to the market, anasema huyo Mary hamjui. Anataka zake. Tukazitunga: You eat my food. You do not bring fish. You are a lazy husband. Anazitamka na hasira ya kuigiza, anagonga ungo. Nikamwambia kuku amsifu.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku mbaya.

Chenge kamtumia Tereza sauti kwa WhatsApp. Kaandika, msikilizeni Alex, anachekesha. Tereza alikuwa uani anafua, akaibonyeza hapo hapo kwa sauti kubwa, mama yake pembeni. Mimi barazani. Sauti ya mtoto, haraka haraka, analalamika kwa baba yake. I don't want to go. I don't know her.

Tereza akazima. Akaanza kusema mambo ya sabuni.

Mama akasema kwa Kiswahili, taratibu: kasema hataki. Kasema hanijui.

Mungu wangu! Want na know. Tulivifanya juzi. Na don't. Mimi mwenyewe nilimwambia, hiyo don't ukiisikia tu, kitenzi kinachofuata kimekataliwa.

Chenge alidhani mama yake hawezi kuelewa. Sisi sote tulikuwa tumezoea hivyo, kuongea juu ya kichwa chake. Bila mimi angecheka na kupunga mkono kama siku zote. Nimeumia. Nimemsaidia kusikia kwamba hatakiwi.

Somo halikuwepo. Jioni Tereza anasema mama anafungasha mzigo, eti mpunga wa Magu hauna mtu wa kuutazama.

Jumapili, 15 Desemba

Jana hakutoka chumbani. Leo akaenda misa ya kwanza, peke yake, na mfuko wake wa safari kauacha mlangoni umefungwa. Tereza macho mekundu. Mimi nimekosa raha, nimesahihisha mitihani ileile mara mbili.

Karudi. Nikasikia kigoda kinavutwa chini ya matundu.

Wewe kuku. Mwambie mwalimu mtoto hana kosa. Hanijui kweli. Angesema ananijua ningemshangaa.

Halafu: mwambie anipe vitenzi vya mtu anayekataa. Huyo mume wangu atanikataa, nami sitasimama pale bila jibu.

Weee! Nilinyanyuka, nikatembea baraza zima nikarudi. Mama gani huyu! Mwingine angesusa, angemsema Chenge, angemsema mzungu wa watu. Yeye kaenda kanisani, karudi na orodha ya somo.

Nimempa refuse. Nimempa leave, find, marry. Na wifi wake will, maana vitisho vyote vizuri ni vya kesho.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua. Umeme hakuna tangu asubuhi. Ziwa halionekani. Tumefundishana kwa kupigiana kelele kupitia matundu, mabati yanalia, kuku keshaachwa na wala hakuna aliyemkumbuka mpaka katikati ya somo. Mama akanyamaza ghafla. Nami nikanyamaza. Tulikuwa tumezungumza wenyewe kwa wenyewe nusu saa nzima!

Nikakohoa. Akaita, wewe kuku uko wapi. Tukaendelea.

Jumapili, 22 Desemba

Wamefika.

Uwanja wa ndege si mbali na hapa Pasiansi. Tereza na mama wamekwenda na gari, mimi nimefuata na bodaboda, kwa heshima. Nimesimama nyuma ya nguzo, mgongo kwao, natazama matangazo ya mizigo. Kuona sikuona, ya kuonekana Tereza kanisimulia. Nimesikia kila kitu.

Chenge akalia alipomwona mama yake. Mtu mzima na suti! Mama akamtuliza kwa Kisukuma. Tereza kaniambia baadaye: mtoto alikuwa amejibanza nyuma ya mguu wa baba yake, kofia imefunika macho, anamwangalia bibi kwa jicho moja.

Chenge akaanza, Alex, this is your... Mama akamkata. Akaweka mikono kiunoni.

My husband! You are late!

Alisema rate. Nilikuwa nimeliogopa hilo neno wiki nzima. Mtoto kaelewa hata hivyo.

I cooked. You did not come!

Watu wamegeuka. Abiria, wabeba mizigo, dada wa tiketi. Mimi nimeishika nguzo. Did not come, jamani, wifi kakaa mahali pake na mkamwana mahali pake! Nilitamani kupiga makofi. Nilijikaza.

Mtoto akasema, I'm not your husband! Sauti inatetemeka.

Nikafumba macho. Hapo ndipo tulipopafanyia kazi.

You refuse? Good. I refuse too. You are small. I will find a big husband.

Chenge kajiinamia, jasho linamtoka. Angekuwa ndiye mkalimani angekufa pale pale. Mama akageuka akaelekea kwenye gari, kanga imekazwa, hajatazama nyuma. Ndani ya gari, anasema Tereza, mtoto alimwuliza baba yake kwa nini bibi amemwita mdogo. Chenge akasema mwulize mwenyewe. Hakuuliza. Njia nzima mama amekodolea dirisha.

Tereza anaogopa. Anasema labda tumemtisha mtoto. Labda ilikuwa mapema mno. Na mimi naogopa. Sentensi zilikuwa zangu.

Jumatatu, 23 Desemba

Asubuhi. Niko barazani na chai. Uani bibi anapepeta. Mlango wa sebule ukafunguliwa, miguu midogo ikapita jikoni, ikasimama.

You're small too!

Tereza akaangusha kijiko. Chenge kutoka chumbani: Alexander! Kwa ukali, yuko tayari kumchapa. Na kweli bibi ni mfupi, Tereza ananiambia hafiki hata begani kwake.

Halafu vigelegele! Mama mkwe kapiga vigelegele mpaka majirani wamefungua madirisha! Anacheka, anapiga mapaja, anasema kwa lugha zake zote tatu kwa pamoja, mume wangu kajibu, amejibu, my husband speaks! Mtoto naye, baada ya kushangaa kidogo, akaanza kucheka, kile kicheko cha kukwama kooni.

Chenge alikuja kukaa kwangu barazani. Baadaye kidogo akasema, shemeji, sijui nikwambie nini. Nikamwambia usiseme kitu, sikiliza. Tukasikiliza. Kutwa nzima wanatukanana! You are lazy. You are old. You do not bring fish. I don't have fish! Find fish! Jioni mtoto kamburuta baba yake mpaka mwaloni kwa wavuvi, akarudi na sato mmoja kamshika kwa mikono miwili, akamtupia bibi miguuni.

Bibi akaangalia sato. This is a small fish, akasema.

Jamani, nimelia. Nimesingizia moshi.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Naandika haraka. Wako nje wote. Nimetoka kwenye mkeka, nimesema nakuja na soda, nimejifungia chumbani. Soda zenyewe ziko nje kwenye ndoo ya barafu, kila mtu anaziona.

Ilikuwa hivi. Tumeshakula. Wanaume mkeka wa huku chini ya turubai, wanawake na mama mkwe mkeka wa kule, mgongo wake kwangu, mgongo wangu kwake, sawa kabisa. Alexander amevumbua mchezo. Anampa bibi kitenzi, bibi anakifanya. Jump! Bibi karuka, kidogo lakini karuka. Sleep! Kalala chini, kakoroma mpaka watoto wa jirani wamepanda ukuta kutazama. Cry! Kaangua kilio cha msiba chenye majina ya watu! Run! Sit! Dance! Hajakosa hata kimoja. Mimi nasikia tu kwa mgongo, na moyo umenijaa. Nasema kimoyomoyo, huyo ni wangu. Huyo nimemfundisha mimi.

Halafu mtoto akasema, Grandma, sit with Uncle!

Nahisi alinyoosha kidole. Mkeka wetu ulikuwa na nafasi, pembeni yangu.

Tereza akasema, Yesu! Chenge akakohoa.

Angeweza kujifanya hajaelewa. Mwezi uliopita asingeelewa kweli, angecheka, yangepita. Hata leo, wote tungemsaidia kujifanya. Lakini mtoto anajua kwamba bibi anajua. She knows that one, akamwambia baba yake, she did it already! Akarudia polepole, Grandma, sit. With. Uncle. Kama mimi ninavyowafanyia wanafunzi wangu wazito.

Bibi hakusogea. Ndipo nikataja soda.

Sasa nasikia Chenge anajaribu kumweleza kwa Kiingereza. In our culture. Heshima. Bibi na mkwe wake hawawezi kukaa pamoja. Mtoto anauliza why. Chenge anazunguka. Mtoto sauti inaanza kupinda, ile sauti ya kwenye simu. Doesn't she like him?

I like him.

Siyo Tereza aliyesema. Ni mama! Kwa Kiingereza, mwenyewe, bila kugonga chochote.

I like him. He is my teacher.

Sioni vizuri ninachoandika. Kuna mkeka unaburutwa kuelekea ule wetu wa wanaume. Tereza anasema mama, mama, taratibu, anamwuliza kwa Kisukuma sijui nini, naye anajibu neno moja fupi. Mtu anakaa. Nasikia mifupa ya mtu mzima inavyokaa chini.

Teacher!

Anaita. Dirishani kwangu. Siyo kupitia Tereza, siyo kupitia kitu chochote.

Teacher, come. The boy is waiting. I am waiting.

Mtoto anacheka. Nimevaa shati, nimelivua, nimevaa lile la kanisani. Natoka. Sijui nitatazama wapi.